Soma Mkataba Wako Kabla ya Kugombana na Tiketi

Miaka nenda, miaka rudi, naletewa bahasha ile ile. Anayeileta hubadilika: zamani alikuwa baba, leo ni mwanawe, na Mungu akinijalia umri huenda nikamwona mjukuu. Kisa hakibadiliki. Mtu ameegesha gari lake nyumbani kwake, kwenye jengo la fleti hapa Uingereza, chini ya dirisha la chumba anachokilipia kila mwezi, na kampuni binafsi ya maegesho imemletea dai la pauni 100. Anaketi, chai inapoa mbele yake, na kabla hajamaliza kueleza nimeshajua yeye ni wa kundi lipi. Kuna wanaolipa siku hiyo hiyo kwa kutetemeka, wasiulize neno. Kuna wanaochana na kutupa, kwa sababu binamu yao alisema hizo ni karatasi za kufungia vitumbua. Na kuna wanaokwenda kumtukana yule kijana anayezunguka na kamera, ambaye naye kasimama kwenye mvua akitafuta riziki.

Siwalaumu. Hofu, uvivu na hasira tumeumbwa navyo, na mtu aliyetoka kazini akiwa hoi hana nguvu ya kuwa na hekima. Lakini njia zote tatu huishia mahali pamoja, nako ni mfukoni. Ipo njia ya nne, tena haina ujanja wowote: toa mkataba wa nyumba yako kwenye droo, usome, kisha ujibu barua kwa wakati. Hilo ndilo ninalolisema siku zote, na leo nalisema kwa kirefu.

Tuanze na ile karatasi. Mara nyingi hubandikwa kwenye kioo cha mbele ndani ya kifuko cha plastiki cha njano, imeandikwa kwa herufi nzito nyeusi, na juu yake pana herufi PCN, zile zile ambazo halmashauri ya mji huziandika kwenye faini zake. Ukiiona kwa mbali utasema imetoka serikalini. Haikutoka serikalini, wala si faini. Faini hutozwa na mamlaka kwa nguvu ya sheria. Hii ya kampuni binafsi ni dai la kimkataba: tuliweka bango, bango lina masharti, ukaingia ukaegesha, maana yake ulikubali, na sasa umevunja ulichokubali. Dai kama hilo laweza kuwa la haki au lisiwe la haki, na mwenye neno la mwisho ni hakimu.

Wenye umri wangu wanakumbuka hali ilivyokuwa mbaya zaidi. Kabla ya tarehe 1 Oktoba 2012, ungeteremka asubuhi ukakuta gurudumu limefungwa chuma, na hakifunguliwi mpaka utoe fedha papo hapo, mtoto analia anachelewa shule. Sheria ya Kulinda Uhuru ya mwaka 2012 ilipiga marufuku mchezo huo kwenye ardhi za watu binafsi katika England na Wales. Ila sheria hiyo hiyo ilizipa kampuni kitu kingine: zikifuata masharti barabara, zinaweza kumdai mtu ambaye jina lake liko kwenye usajili wa gari, hata kama hazijui nani alikuwa kwenye usukani. Vyuma vikaondoka, barua zikaja.

Na wale wanaosema barua hizo hazina meno wamelala tangu 2015. Novemba mwaka huo Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu katika kesi ya ParkingEye na Bwana Beavis. Bwana huyo alizidisha dakika 56 kwenye maegesho ya maduka mjini Chelmsford, ambako saa mbili zilikuwa za bure, akadaiwa pauni 85. Alipinga ngazi kwa ngazi hadi ya juu kabisa, akashindwa. Majaji walisema tozo ile ilikuwa na sababu ya maana, yaani kuhakikisha nafasi zinazunguka na kila mteja anapata, na kwamba haikupita kiasi. Tangu hapo kampuni nyingi huitaja kesi hiyo kwenye barua zao. Lakini tazameni vizuri. Pale palikuwa dukani, na yule bwana hakuwa na haki yoyote ya kuegesha isipokuwa aliyopewa na bango. Nyumbani kwako mambo si lazima yawe hivyo, na hapo ndipo pa kusimama.

Kwanza tukumbushane kampuni iliingiaje uani, maana mara nyingi tuliialika wenyewe. Jengo liko karibu na kituo cha treni. Watu baki wanaacha magari yao alfajiri, wanapanda treni kwenda kazini, wanarudi jioni. Mama anatoka sokoni na mifuko na watoto, anakuta nafasi yake imekaliwa. Wakazi wanalalamika, na wana haki ya kulalamika. Wakala anayesimamia jengo anatuma barua: tumepata kampuni, haitatoza jengo hata senti, kila fleti itapewa kibali chake. Barua inakaa juu ya friji wiki mbili na hakuna anayejibu. Wanangu, mkono mtupu haulambwi. Kampuni isiyolipwa na jengo italipwa na nani, kama si na magari itakayoyakuta? Mwezi wa kwanza wale wa treni wanakimbia. Baada ya hapo wanaobaki uani ni nyinyi.

Ndipo yanapompata mtu kama binti mmoja niliyemfahamu, muuguzi. Karudi kutoka zamu ya usiku, macho mazito, kafunga mlango wa gari, na kile kibali kikateleza kutoka kwenye dashibodi kikaangukia chini ya kiti. Nafasi ni yake, namba iliyochorwa kwenye lami ndiyo iliyo kwenye mkataba wake, kibali ni chake, ada ya jengo kalipa. Alipoamka mchana alikuta kile kifuko cha njano. Fedha hazikumliza. Kilichomliza ni kudaiwa kwa kuegesha kwake. Nikamuuliza mkataba wa nyumba uko wapi. Hakujua. Wengi hawajui. Tunatia saini siku ya kupewa funguo, mkononi tuna kalamu na moyoni tuna mapazia na rangi za ukuta, kisha karatasi ile inazikwa chini ya bili za umeme. Mali bila daftari hupotea bila habari; wafanyabiashara wa kwetu walilijua hilo zamani.

Mkataba wa fleti ya kununua, ule wa miaka 99 au 125 au zaidi, ni rundo la kurasa zenye lugha kavu, na huwa na mchoro ambao fleti yako imezungushiwa mstari wa rangi. Usiukimbie. Uusome kama mpishi anavyochambua mchele kwenye ungo, punje kwa punje, maana jiwe moja tu latosha kuvunja jino. Tafuta mambo matatu. La kwanza: nafasi ya gari ni sehemu ya ulichouziwa, imo ndani ya mchoro, au ni ruhusa tu ya kuegesha nafasi ikipatikana? La pili: kuna neno lolote linalosema lazima uonyeshe kibali, au ulipe tozo usipokionyesha? La tatu: kuna kifungu kinachompa mwenye jengo au wakala wake uwezo wa kutunga kanuni mpya kadiri siku zinavyokwenda?

Ukikuta kwamba nafasi ni yako na hakuna neno kuhusu kibali wala tozo, una hoja nzito. Bango haliwezi kukupa ruhusa ya kitu ambacho tayari ni haki yako, na mkataba uliotiwa saini haufutwi na kibao kilichopigiliwa ukutani miaka kumi baadaye. Kubadili mikataba ya jengo zima kuna njia yake. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 1987 kinaruhusu kwenda kwenye baraza la usuluhishi kuomba mabadiliko, lakini mikataba ikiwa zaidi ya minane lazima wahusika wasiopungua asilimia 75 waunge mkono, na wanaopinga wasizidi asilimia 10. Barua ya wakala iliyokaa juu ya friji haifiki huko.

Mahakama nazo zimewahi kusema hivyo. Mwaka 2016, katika mahakama ya kaunti mjini Oxford, jaji alisikiliza rufaa ya mkazi wa fleti aliyesimamisha gari kwa dakika chache mbele ya mlango wa jengo lake ashushe meza, akakuta kaandikiwa tiketi. Jaji alisema kusimama kwa muda mfupi kushusha mzigo nyumbani si kuegesha, na kwamba haki za mkazi zilizomo kwenye mkataba wake hazipunguzwi na upande mmoja kwa kuweka mabango. Mkazi akashinda. Hukumu ya ngazi hiyo haiwafungi mahakimu wengine, ila huwa wanaisikiliza.

Msinipigie vigelegele mapema, lakini. Ukikuta kile kifungu cha tatu, kwamba utafuata kanuni za busara zitakazowekwa kwa manufaa ya jengo, basi mpango wa vibali waweza kukubana, na mabishano yatahamia kwenye kama kanuni yenyewe ni ya busara na kama iliwekwa kwa utaratibu. Na kama wewe ni mpangaji wa mwaka mmoja mmoja, haki yako inatoka kwa aliyekupangisha: hawezi kukupa kuliko alicho nacho. Angalia kama mkataba wako wa kupanga unaitaja nafasi ya gari, kisha mwombe aliyekupangisha nakala ya kurasa za mkataba wake mkubwa zinazohusu maegesho. Aliyeupoteza wake anaweza kuomba nakala HM Land Registry kwa ada ndogo, ikiwa umesajiliwa huko.

Sasa barua. Piga picha kwanza: gari lilivyosimama, namba ya nafasi, kibali kilipoangukia, bango na urefu wa maandishi yake, na kama ni usiku, kama bango lina taa. Kisha andika kwa kampuni ndani ya siku 28. Punguzo la asilimia 40 unaloahidiwa ukilipa ndani ya siku 14 lisikuchanganye akili. Ndiyo bei ya kutupa inayomfanya mnunuzi afungue pochi kabla hajatazama bidhaa. Ukiandika malalamiko yako ndani ya siku hizo 14, kwa kawaida ukikataliwa hupewa tena nafasi ya kulipa kwa bei hiyo ya chini. Andika kwa adabu, kwa ufupi, ukinukuu kifungu cha mkataba. Maneno ya uchungu weka kando. Anayesoma barua yako kasoma nyingine za uchungu tangu asubuhi, na hazimsaidii kufuta chochote.

Angalia pia tarehe. Kama tiketi ilibandikwa kwenye kioo, barua ya kumdai aliyesajiliwa inatakiwa imfikie baada ya siku 28 na kabla siku 56 hazijapita. Kama ilikuwa kamera tupu bila tiketi, inatakiwa ifike ndani ya siku 14. Wakichelewa, dai lao linabaki kwa dereva, na aliyesajiliwa halazimiki kuwatajia dereva ni nani. Lakini uongo siushauri. Siku ya mahakama utatia saini kwamba unayoyasema ni kweli, na mtu hauzi ukweli wake kwa pauni 100.

Kampuni ikikukatalia, kuna rufaa ya nje. Kampuni zilizo chini ya British Parking Association hupeleka rufaa POPLA. Zilizo chini ya International Parking Community hupeleka IAS. POPLA hulipi kitu, una siku 28 tangu kukataliwa, na ukishinda kampuni inafungwa na uamuzi. Ukishindwa, wewe hufungwi nao. Bado unaweza kusubiri waende mahakamani. Wakati huo huo mwandikie wakala wa jengo, kwa sababu aliyeileta kampuni ndiye anayeweza kuiambia ifute. Mwandikie na nakala ya mkataba, umuulize kwa upole ni kifungu gani kilichomruhusu kumleta mtu wa kukutoza kwenye nafasi yako. Swali hilo limefuta tiketi nyingi kuliko makelele. Ukianza na ukimwaga mboga namwaga ugali, wote mtalala njaa, na mwakani utamhitaji akurekebishie bomba.

Niwageukie wanaotupa barua, maana hawa ndio wanaonitia simanzi. Baada ya kampuni kuchoka huja barua za wakusanya madeni, zenye wino mwekundu na vitisho, na pauni 70 zimeongezwa juu. Hao si madalali wa mahakama. Hawawezi kuingia kwako wala kubeba televisheni yako, na barua zao unaweza kuziweka kwenye faili ukaenda kulala. Lakini kati ya barua hizo siku moja huja nyingine, haina makeke, inasema una siku 30 za kujibu kabla hatujafungua madai. Hiyo ijibu. Na baada yake huweza kuja karatasi za mahakama, kutoka kituo cha mahakama cha Northampton. Hizo ukizitupa, umekwisha. Una siku 14 tangu zihesabiwe kukufikia, na ukithibitisha tu kwamba umezipokea, unapata hadi siku 28 kuandika utetezi. Usipoandika, hukumu hutolewa bila hakimu kusikia neno lako, hata kama mkataba wako ulikuwa na haki yote. Ile pauni 100 sasa imepita 250, pamoja na ada ya mahakama na ya wakili. Usipolipa ndani ya mwezi mmoja, jina lako linakaa kwenye daftari la wadaiwa miaka 6. Ukienda kuomba mkopo wa nyumba, au kupanga mahali pengine, au hata kuchukua simu ya malipo ya mwezi, wanakuta doa.

Wapo walioharibikiwa bila kutupa chochote. Mtu alihama fleti, akabadilisha anwani benki, kazini na shuleni kwa watoto, akasahau kadi ya gari. Kampuni huinunua anwani yako kutoka DVLA, ofisi inayosajili magari, kwa pauni 2.50, na DVLA hutoa ile iliyo kwenye kadi. Barua zote zikaenda kwenye mlango wa zamani, hukumu ikatoka, naye anakuja kujua baada ya mwaka, siku benki inapomkatalia. Kuomba hukumu itenguliwe kunawezekana, ila ada yake ni mamia ya pauni na lazima ueleze kwa nini hukujibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukihama, badilisha kadi ya gari wiki hiyo hiyo.

Na wapo wanaotaka kupigana vita visivyo vyao. Ukiegesha kwenye nafasi ya jirani kwa sababu ilikuwa wazi, au ukimwachia mgeni wako kuziba njia ya zimamoto, lipa kwa bei ya punguzo na umwombe jirani radhi. Usije kwangu na mkataba. Haki unayoidai kwenye nafasi yako ndiyo anayoidai yeye kwenye yake, na hakuna hakimu atakayekupa zote mbili.

Nimalizie na majirani, kwa sababu anayeshinda peke yake huandikiwa tena mwezi ujao. Yule muuguzi alipata barua ya kufutiwa, akaibandika jikoni kwa furaha, na kabla ya sikukuu watu wa fleti ya juu yake nao wakaandikiwa. Gongeaneni milango. Ulizaneni mikataba yenu inasemaje. Mara nyingi katika jengo moja huwa na maneno yale yale. Andikeni barua moja kwa wakala, yenye saini za fleti nyingi, mkitaka mambo yanayotekelezeka: namba za magari ya wakazi ziingizwe kwenye orodha ili kibali kilichoanguka kisiwe kosa, nafasi zenye namba ziachwe nje ya mpango, wageni wapate muda wa kushusha mizigo, na mkataba na kampuni uonyeshwe kwa wakazi kabla haujahuishwa. Kwenye mkutano wa mwaka nendeni, hata kama biskuti zao ni kavu. Wakala huwajua wanaohudhuria, na husikia maneno yao.

Kampuni haina hasira wala haichoki. Ina kompyuta inayotoa barua na kalenda inayohesabu siku zako. Mkazi naye akiwa na mkataba wake mkononi, picha zake kwenye simu na tarehe zake ukutani, wanakuwa wamelingana. Ugomvi ukishalingana, mwenye haki hupata haki yake, na asiye nayo hulipa mapema kwa bei nafuu.